"Aina", "Daraja" na "Kipimo" katika Istilahi za Mazao

Miongoni mwa maneno yanayotwishwa mzigo uzidio nguvu zake katika maandishi yetu ya kilimo, neno "aina" lashika nafasi ya mbele. Mfasiri hulitumia kwa mbegu, akalirudia kwa ukubwa wa zao, kisha akalitia tena kwenye ubora wa mzigo uliokwisha kuchambuliwa. Waraka wa asili ulikuwa na maneno matatu. Tafsiri yabaki na moja.

Kosa hili haliishii katika urembo wa lugha. Tumfikirie mkulima wa Zombo, wilayani Kilosa, aliyepeleka pamba yake kituoni kuuza. Akiambiwa kuwa pamba yake ni "aina ya pili", ana haki ya kuelewa kwamba mbegu ndiyo iliyomponza. Msimu ujao atatafuta mbegu nyingine, hali mbegu haikuwa na hatia yoyote: alichanganya pamba nyeupe na ile iliyotiwa madoa na kangambili au iliyonyeshewa. Neno limempeleka dukani badala ya kumrudisha kwenye mkeka wa kuchambulia.

La kusikitisha ni kwamba katika pamba maneno mazuri yapo tangu zamani. Pamba ya daraja la juu huitwa "safi", na ya chini "fifi". Msemaji yeyote wa Kiswahili husikia ndani ya "fifi" kitenzi "kufifia", akajua papo hapo kwamba yasemwa habari za rangi na usafi, si habari za ukoo wa mmea. Ukoo una majina yake mbali: IL 74 na IL 85 zina herufi za Ilonga, kituo cha utafiti kilichomo humo humo Kilosa, na zile za UK zina herufi za Ukiriguru. Pamba ya IL 85 yaweza kuwa safi, na yaweza kuwa fifi.

Katika mkonge mambo ni magumu zaidi, nayo yadai uangalifu. Mkonge wa Haibridi 11648, uliozalishwa Mlingano, Tanga, ni aina. Tarakimu hizo hazihusiani hata kidogo na tarakimu za madaraja ya singa. Singa za daraja la 1 sharti zifikie urefu wa futi 3. Za daraja la 2, futi 2 na nusu. Lakini liko pia daraja la 3L, ambalo singa zake nazo hufikia futi 3. Basi singa za 3L ni ndefu kuliko za daraja la 2, ila zimezidiwa kwa rangi na usafishaji. Herufi L ni mabaki ya neno la Kiingereza lenye maana ya "ndefu". Mfasiri anayeandika "ukubwa wa tatu" amepotosha kipimo na daraja kwa pamoja.

Mazao mageni huzidisha mtego. Asparaga, mboga iliwayo machipukizi yake, huelezwa kuwa ina "aina tatu": nyeupe, ya kijani na ya zambarau. Rangi ya zambarau kweli ni ya mbegu. Weupe, hata hivyo, hutokana na kulifukia chipukizi kwa udongo lisipate mwanga. Shina lile lile likiachwa wazi hutoa machipukizi ya kijani. Hapo "aina" haifai. Neno "namna" lingetosha, maana lataja jinsi ya kulima. Unene wa chipukizi nao ni kipimo tu. Chipukizi nene si lazima liwe limekomaa kupita kiasi, kama wengi wadhaniavyo.

Kwa hiyo fomu zenye safu moja iliyoandikwa "Aina" zingepasa kuwa na safu tatu: aina, yaani mbegu, kipimo, kikitajwa kuwa ni urefu, unene au uzito, na daraja. Wako wanaopendelea "gredi", kwa hoja kwamba sokoni ndilo lisikikalo. Sina ugomvi nalo mdomoni mwa mchuuzi. Lakini mwanafunzi aliyezoea "daraja la kwanza" katika matokeo ya mtihani tayari anajua kwamba daraja hutolewa baada ya kupimwa, wala hakuna azaliwaye nalo. "Gredi" italazimu afundishwe upya.