Mekatilili: Mtu wa Historia na Mhusika wa Kubuni

Ebrahim Hussein alipoitoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, alitahadharisha kwamba mhusika wake si Kinjeketile wa historia bali ni kiumbe wa kubuni. Tahadhari hiyo yamfaa pia mtunzi anayemwandika Mekatilili wa Menza, lakini haimtoshi.

Habari za Mekatilili zimehifadhiwa katika maandishi ya watawala wa Kiingereza waliomkamata mwaka 1913, na katika masimulizi ya Wagiriama. Kisa kipendwacho mno ni kile cha kuku na vifaranga: anayethubutu kukitwaa kifaranga hana budi kupambana na mama yake. Ni onyesho lililo tayari kwa jukwaa, na hapo ndipo penye mtego. Mtunzi huvutwa amsimamishe mwanamke mmoja mbele ya Arthur Champion, ofisa wa serikali, akausahau ugomvi uliokuwa mgumu zaidi, yaani ule wa Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola na wazee waliokubali kuitumikia serikali. Kiapo cha mukushekushe cha wanawake na kile cha fisi cha wanaume viliwafunga Wagiriama wenyewe.

Wazee hao nao wana wajukuu, Kilifi na Malindi. Kuwachora kama vikaragosi ni kuwaonea wafu. Kuwafuta ni kubaya zaidi. Mtunzi ana haki ya kubuni aliyoyawaza mzee alipotumwa kukusanya kodi ya kibanda. Hana haki ya kumwondoa barazani, kwani hotuba za Mekatilili zilimlenga yeye sawa na Mwingereza.