Dodoso la bustani na watu wasiopita getini

Tuseme manispaa yenu inataka kukarabati bustani na maeneo ya wazi, na wewe mwanafunzi umepewa kazi ya kukusanya maoni ya wakazi. Una fomu zako na kalamu. Unaanzia wapi? Wengi wetu tungejibu haraka: naenda bustanini, nakaa getini, namuuliza kila anayepita. Hebu tulitazame jibu hilo vizuri, maana utafiti wa aina hii huharibikia hapo hapo, kabla hata ya swali la kwanza.

Ukikaa getini unawapata waliokuja. Mama aliyeacha kuja kwa sababu hakuna choo, humpati. Mzee anayeogopa kuvuka barabara kubwa, humpati. Ni sawa na kuwauliza abiria waliokwisha pata siti kama usafiri wa daladala ni wa shida. Na kama ni sehemu ya kulipia, mfano msitu wa Karura kule Nairobi, kiingilio kimeshachuja watu kabla hujafungua mdomo. Ripoti ikisema "wengi wameridhika", sawa, wasioridhika wako nyumbani.

Hapo ndipo tunapomkimbilia Yamane. Aliyeandika tasnifu hapa kwetu anamjua: fomula ya Taro Yamane ya mwaka 1967, unachukua idadi ya watu, unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalokubalika. Kata yenye watu 100,000, kosa la asilimia 5, unapata 398. Weka nchi nzima, haivuki 400. Namba inapendeza na msimamizi anatulia. Lakini fomula hiyo inachukulia kwamba umewachagua watu kwa bahati nasibu, kila mkazi akiwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Watu 398 wa getini hawana sifa hiyo, na ukiwafanya 4,000 umerudia kosa lile lile mara kumi. Gazeti la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 mwaka 1936, likatabiri ushindi wa Landon. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48.

Basi twende nyumba kwa nyumba? Ni bora zaidi, nakubali. Ila ukibisha hodi utaambiwa usubiri mkuu wa kaya, na huyo ndiye atakayejibu. Karibu nusu ya Watanzania wana umri wa chini ya miaka 18. Wachezaji wenyewe ni hao, na anayejibu ni baba ambaye pengine mara ya mwisho kupanda bembea alikuwa darasa la tatu.

Mji wa Vienna, Austria, ulilitazama suala hili kwa namna ninayoipenda. Miaka ya 1990 watafiti huko waligundua kwamba wasichana wakifika umri wa miaka kumi hivi wanapungua sana bustanini, wakati wavulana wanabaki. Sasa fikiria dodoso la getini lingesema nini pale: wavulana wengi, wanataka uwanja mkubwa zaidi wa mpira. Mji ungewajengea, na wasichana wangezidi kusukumwa pembeni, huku takwimu zikionesha wakazi wamesikilizwa! Vienna ikauliza swali jingine: nani hayupo, na kwa nini? Shida ilionekana kwenye zile sehemu kubwa za wazi, ambazo kundi moja likishaziwahi halitoki. Katika bustani mbili za wilaya ya Margareten, Einsiedlerpark na ile inayoitwa leo Bruno-Kreisky-Park, nafasi ziligawanywa zikawa vipande vidogo, vikaongezwa viwanja vya mpira wa wavu na wa vinyoya, na njia zikaboreshwa. Wasichana wakarudi, na wavulana hawakufukuzwa.

Lawama nyingine ni kwa lile swali la "ungependa kiwekwe nini?" Bembea, miti, mgahawa, intaneti ya bure: nani atakataa? Kitu kisicho na bei kila mtu anakitaka. Mpe mtu achague viwili tu, utaona anavyokuna kichwa. Au muulize jambo lililokwisha tokea: wiki iliyopita mtoto wako alicheza wapi, saa ngapi, na nani?

Halafu nenda ukahesabu. Kuna njia inayoitwa SOPARC, iliyochapishwa mwaka 2006: mtazamaji anazunguka eneo kwa saa zilizopangwa, anaandika jinsia, rika, na kama mtu amekaa, anatembea au anakimbia. Haikuambii kwa nini mtu hakuja, kwa hiyo haiondoi dodoso, lakini inalisuta pale linapodanganya.

Na uongo wake una gharama. Eneo la wazi likiandikwa kwenye ripoti kwamba "halitumiki", mwenye hamu ya kujenga hapo fremu za maduka ameshapata hoja. Kumbe fomu zilijazwa Jumanne saa nne asubuhi, watoto wako shule. Rudi pale saa kumi na moja jioni, wakati chandimu imepamba moto na mawe mawili ndiyo magoli, uhesabu tena.