Msamaha Usiotolewa kwa Niaba

Kuandika uongo wa mume kwa mkewe si kazi ngumu. Simu iliyosahauliwa mezani, risiti mfukoni, jirani asiyejua kufunga mdomo, na mtazamaji tayari ana la kusimulia kesho yake. Kazi yenyewe huanza siri ikishafichuka, watu wawili wanapobaki chumbani na ukweli wao. Hapo ndipo fundi anapoachana na mwanagenzi. Kwa kipimo hicho, sijaona kazi inayoipita *Scener ur ett äktenskap*, yaani Maonyesho ya Ndoa, tamthilia ya Ingmar Bergman iliyorushwa na runinga ya Sweden kwa wiki sita, Aprili hadi Mei 1973.

Johan na Marianne, walioigizwa na Erland Josephson na Liv Ullmann, wana miaka kumi katika ndoa. Mume ni msomi. Mke ni wakili wa kesi za talaka. Tunawakuta wakihojiwa na mwandishi wa jarida: Johan anajisifu bila kupumua, Marianne anatafuta la kusema. Katika sehemu ya pili, mama mmoja anaingia ofisini kwa Marianne kuomba talaka baada ya miaka zaidi ya ishirini. Hana kisa cha kumshitakia mumewe. Anasema tu kwamba mapenzi hayapo. Marianne anamsikiliza, na hofu inaanza kumpanda usoni kabla hajajua anaogopa nini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Bergman anatupa watazamaji nafasi ya kata: tunajua mapema kuliko mwenye nyumba, na kujua huko kunatuuma.

Sehemu ya tatu ndiyo ninayoirudia mara kwa mara. Marianne yuko kwenye nyumba yao ya mapumziko. Johan anafika usiku, kabla ya siku aliyotarajiwa. Mke anafurahi, anamwandalia chakula. Kisha Johan anasema: anampenda msichana aitwaye Paula, na kesho anaondoka naye kwenda Paris. Mwandishi mwingine angevunja sahani. Marianne anauliza maswali madogo madogo, anaomba kuiona picha ya Paula, na kunapokucha anamsaidia mumewe kufunga sanduku. Mikono yake inafanya kazi iliyoizoea ilhali moyo bado haujaipokea habari.

Johan akishaondoka, Marianne anampigia simu rafiki yao, na ndipo anapogundua kwamba marafiki walikuwa wanajua. Kwa maoni yangu hapa pana ufundi kuliko mahali pengine pote. Pigo la kwanza lilimnyang'anya mume. Hili la pili linamnyang'anya hata siku zilizokwisha kupita. Kila karamu waliyokaa pamoja, kila kicheko mezani, sasa itabidi akikumbuke upya akijiuliza nani alikuwa anajua nini. Uongo wa ndoa ndivyo ulivyo. Hauharibu kesho peke yake. Hurudi nyuma ukachafua na jana.

Mpigapicha Sven Nykvist aliyafuata hayo kwa kamera ya filamu ya milimita 16, akikaa na uso mmoja muda mrefu bila haraka ya kuhama. Kwenye runinga ya sebuleni, sura ya Ullmann ilimkaribia mtazamaji kama ya mgeni aliyeketi mbele yake. Anapomeza mate ili asilie, nasi tunameza.

Katika sehemu ya tano wanakutana ofisini kwa Johan kutia saini hati za talaka. Wanataniana, wanakumbatiana, kisha machungu ya miaka yanafumuka, hadi Johan anafunga mlango na kumpiga Marianne. Bergman hakuukwepa ukatili huo wala hakuupamba, na hakumlazimisha Marianne kuumeza ili hadithi iishe vizuri. Mwandishi dhaifu huwapatanisha watu wake kwa sababu kipindi kimebakiza dakika tano. Bergman alikataa kusamehe kwa niaba ya aliyeumizwa.

Aliiacha miaka ipite. Katika sehemu ya mwisho kila mmoja ana ndoa nyingine, na wawili hao wanakutana kwa siri. Usiku Marianne anashtuka kutoka katika ndoto mbaya: mikono yake imekatika, hawezi kuwashika awapendao. Johan anamtuliza. Hakuna anayetangaza msamaha. Upo katika Marianne kukubali kuonekana akiwa na hofu mbele ya mtu aliyewahi kumvunja. Na bado amani hiyo imejengwa juu ya siri nyingine, kwa wenzi wengine. Fundi aliliacha doa hilo mahali pake, tulione. Mwaka 2003 aliwarudia, na waigizaji wale wale, katika *Saraband*, filamu ya runinga iliyokuwa ya mwisho kuiongoza; miaka thelathini baadaye bado walikuwa na la kuambiana.

Kumwacha aliyedhulumiwa achukue muda wake, na kumwacha mkosaji abebe kosa lake bila kumgeuza shetani, ni adabu kabla hakujawa ufundi. Mwandishi anayeharakisha suluhu katika sehemu ya mwisho anamfanyia mtazamaji wake yale yale ambayo Johan alimfanyia Marianne: anamficha ukweli ili jioni ipite salama.