Waongoza Baiskeli wa Burgundy

Wapo watu ambao kazi yao ni kuwazuia wenzao wasiende mbio, nao nawavulia kofia: waongozaji wa misafara ya baiskeli katika mashamba ya mizabibu ya Burgundy, Ufaransa.

Njia yao maarufu, Voie des Vignes, hutoka mji wa Beaune hadi Santenay, kilomita 22 hivi, ikipitia vijiji kama Pommard, Meursault na Puligny-Montrachet. Mwendeshaji hodari angeimaliza kwa saa moja na ushei. Wao huifanya ijaze siku nzima, na hapo ndipo ufundi ulipo. Mwongozaji husimama penye ukuta wa mawe akueleze kwa nini mizabibu ya juu na ya chini, hatua chache tu baina yake, hutoa mvinyo wa bei tofauti kabisa: udongo, mteremko, jua. Vipande hivyo vya mashamba huitwa climats. UNESCO iliviingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2015. Ndani ya basi hutauhisi mteremko huo. Juu ya pedali, magoti hukueleza mara moja.

Halafu kuna kazi isiyopigwa picha: kuziba pancha, kukaza breki, kumsubiri wa mwisho bila yeye kujua kwamba anasubiriwa. Na kuhesabu glasi za kuonja, maana sheria ya ulevi barabarani nchini humo inamhusu hata mwenye baiskeli. Ndoo ya kutemea mvinyo, kwa hiyo, si utovu wa adabu.

Mwenye haraka aende peke yake. Vibao vya njia vipo.