Kukopa na Kuazima: Tahakiki ya Mazoezi ya Rustlings kwa Mwanafunzi wa Sombetini

Rustlings ni mkusanyiko wa mazoezi madogo ya kujifunza Rust, lugha ya kompyuta ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015. Mwanafunzi hapewi ukurasa mtupu. Hupewa faili lenye kasoro, akalirekebisha hadi kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ilikubali. Kwa hiyo mwalimu halisi ni kompaila, naye husema Kiingereza.

Kwa mwanafunzi wa Sombetini, jijini Arusha, aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kikwazo hicho hakina uzito ule ule kila mahali. Zoezi la kwanza la vigeu limekosa neno "let" tu. Ujumbe wa kosa huonyesha mstari wenyewe, na jicho pekee latosha.

Ugumu huanza kwenye umiliki. Orodha ikikabidhiwa fanksheni, jina la awali hupoteza haki juu yake; likitumiwa tena, kompaila hukataa kwa kosa namba E0382. Mwanafunzi aweza kuongeza "clone", nakala ikatengenezwa na zoezi likapita. Katika baadhi ya mazoezi hilo ndilo jibu sahihi. Kasoro ni kwamba aliyeelewa na aliyebahatisha hupata pongezi moja.

Hapa Kiswahili kina hazina ambayo mazoezi hayo hayaigusi. Neno la Kiingereza linalotumika katika Rust hubeba kwa pamoja maana mbili ambazo Kiswahili huzitenga: anayekopa unga hurudisha unga mwingine, anayeazima jembe hurudisha jembe lile lile. Rejeo katika Rust ni kuazima, wala si kukopa. Wengi waweza kulitazama jembe kwa wakati mmoja, ila anayelinoa awe peke yake, pasiwe na mwingine hata wa kulitazama. "Clone" ni kufua jembe la pili, kwa gharama yake. Mfasiri atakayeandika "kukopa" kwa mazoea atakuwa ameifuta tofauti ambayo lugha yake ilikwisha kuiweka wazi.

Zoezi la haki lingemtaka mwanafunzi aeleze, kabla ya kugusa msimbo, orodha ni ya nani fanksheni inapomaliza kazi. Kompaila haina namna ya kumuuliza hivyo.