Kuhifadhi Mchezo Usiopata Kuuzwa: Ishara, Usomaji na Ushahidi

Mwaka 1984, katika mji wa Liverpool nchini Uingereza, kampuni ya Imagine Software, ambayo ilikuwa imeanzishwa miaka miwili tu kabla ya hapo na kupanda daraja kwa kasi iliyowashangaza wengi, ilitangaza kwa mbwembwe michezo miwili ya kompyuta, Bandersnatch na Psyclapse, iliyokusudiwa kuipita michezo yote iliyotangulia kwa ukubwa na kwa bei, na kuuzwa pamoja na kifaa cha kuchomekwa kwenye kompyuta ili kuipa uwezo ambao haikuumbwa nao. Matangazo yalijaza kurasa za majarida ilhali michezo yenyewe ilikuwa mbali na kukamilika. Mwezi Julai mwaka huo madeni yaliifikisha kampuni mahakamani na ikavunjwa. Na wapiga filamu wa BBC, waliokuwa wamekwenda kuonyesha ustawi wake, walijikuta wakiandika kwa kamera habari za anguko lake, habari ambazo watazamaji walizipata mwezi wa Disemba. Baadhi ya watu wa kampuni hiyo walianzisha nyingine, Psygnosis, wakayageuza mawazo ya Bandersnatch kuwa mchezo uitwao Brataccas kwa mashine za kizazi kilichofuata. Lakini mchezo ule uliotangazwa, kwa umbo lililotangazwa, hakuna mnunuzi aliyepata kuushika mkononi.

Mchezo wa namna hii huacha athari za aina tatu. Ya kwanza ni ishara, yaani mpangilio wa sumaku uliobaki juu ya ukanda wa kaseti au uso wa diski. Ya pili ni usomaji, yaani baiti zinazopatikana ishara zile zikifasiriwa. Ya tatu ni ushahidi, yaani kauli za waliokuwapo, matangazo, barua, na rasimu za michoro. Rai yangu ni kwamba kazi ya hifadhi husalimika pale tu ambapo athari hizi tatu huwekwa mbalimbali, wala moja hairuhusiwi kuifuta nyingine. Na wale walioifanya kazi hii vyema, kama Frank Gasking, ambaye tangu mwaka 1999 amekuwa akikusanya habari za michezo ya Commodore 64 isiyotoka chini ya jina la Games That Weren't, na ambaye mwaka 2020 alitoa kitabu kinachoeleza zaidi ya michezo 80 ya mashine mbalimbali iliyokwama njiani, wamefaulu kwa kuwa waliitafuta diski na mtu aliyeiandika kwa juhudi moja, bila ya kukichukua kimojawapo badala ya kingine.

Tuanze na kaseti, maana ndiyo iliyokuwa chombo cha wengi. Kompyuta ya ZX Spectrum, iliyotoka mwaka 1982, huandika kila biti kwa mapigo mawili ya sauti: kila pigo la sifuri huchukua mizunguko 855 ya saa ya mashine, na kila pigo la moja huchukua mizunguko 1,710, mara mbili kamili, na kwa kuwa saa hiyo hupiga mara milioni 3.5 kwa sekunde, sifuri nzima hupita katika muda upatao nusu ya sehemu ya elfu ya sekunde, na moja nzima katika muda ukaribiao sehemu nzima ya elfu. Mwenye kuirekodi kaseti kwa sampuli 44,100 kila sekunde hupata sampuli 21 au 22 kwa kila sifuri, na takriban 43 kwa kila moja; tofauti hiyo ni kubwa ya kutosha kwa ukanda mzima, lakini huanza kufifia pale ukanda ulipovutika, au uliposhika ukungu, au kichwa cha kusomea kilipokaa mshazari kidogo tu kuliko kilivyokaa kile kilichoandika. Kwa hiyo amali ya kwanza ya mhifadhi ni kuirekebisha skrubu ndogo ya kichwa hicho hadi sauti iwe kali na safi, kisha kurekodi pande zote mbili za kaseti bila ya kubana sauti. Ni kweli kwamba ukanda wenye afya huvumilia mengi: filamu ya mwaka 2018 iliyoazima jina la Bandersnatch ilificha sauti za Spectrum ndani yake, na watazamaji waliozilisha programu inayoiga mashine hiyo walipata picha iliyowaongoza kwenye mchezo mdogo unaochezeka. Lakini sauti ile ilikuwa imetengenezwa jana. Ukanda wa miaka 40 hauna akiba ya kuvumilia hasara nyingine.

Hapa ndipo hekima ya kutenga ishara na usomaji inapodhihirika. Katika kaseti za kawaida za Commodore 64, mashine huliandika kila fungu mara mbili, ili kosa la nakala ya kwanza lisahihishwe kwa nakala ya pili. Ilhali Spectrum hutia baiti moja tu ya ukaguzi mwishoni mwa fungu, ambayo huweza kusema kwamba kosa lipo bila ya kusema lipo wapi. Fauka ya hayo, waandishi wengi wa michezo walitumia njia zao wenyewe za kupakia programu kwa haraka, na njia hizo aghalabu ziliiacha ile nakala ya pili ili kuokoa muda. Mhifadhi aliyebaki na baiti peke yake, programu yake ya kusomea ikikosea, hana pa kurejea. Bali aliyehifadhi sauti yenyewe huweza kurudi baada ya miaka 10 na kuisoma upya kwa kanuni bora, hata kama kaseti imekwisha kuharibika.

Diski ina mambo mengi zaidi. Diski ya mashine ya 1541, iliyotumika pamoja na Commodore 64, imegawanywa katika njia 35 za mviringo, na njia hizo katika sekta 683 za baiti 256 kila moja. Njia za nje, zilizo ndefu, zina sekta 21, na zile za ndani kabisa zina 17. Kila biti nne huandikwa kama biti tano, kwa kanuni isiyoruhusu zaidi ya sifuri mbili kufuatana, kwa sababu mashine hupata mwendo wake kutokana na mabadiliko ya sumaku yanayopita chini ya kichwa, na kimya kirefu kingeipoteza. Ukiisoma diski kwa 1541 yenyewe, utapewa kile tu ambacho mashine imekubali kukiita sahihi. Sekta iliyochakaa itarudi na taarifa ya kosa na hakuna zaidi. Kwa ajili hiyo vilibuniwa vifaa kama KryoFlux na Greaseweazle, ambavyo havijali sekta wala baiti, bali hupima muda uliopita baina ya kila geuko la sumaku na geuko lifuatalo, na kuurekodi kwa mizunguko kadha wa kadha. Kwa kuwa diski hufanya mizunguko 300 kwa dakika, kila mzunguko ni ushahidi mpya wa sehemu moja ya tano ya sekunde. Na sekta isiyosomeka katika mzunguko wa kwanza huenda ikasomeka katika wa nne, au ikajengwa kwa kulinganisha yote.

Lakini hazina kubwa kuliko zote katika diski za waandishi wa michezo ni yale waliyodhani wameyafuta. Diski zilikuwa ghali, na mradi uliokataliwa ulifutwa ili kutoa nafasi kwa mradi uliofuata. Katika diski ya Commodore, kufuta faili ni kubadilisha baiti moja ya orodha iliyo katika njia ya 18, ile ionyeshayo aina ya faili, na kuzitangaza sekta zake kuwa huru. Data yenyewe haiguswi hata kidogo hadi faili jipya lije kukalia mahali pale. Zaidi ya hayo, baiti mbili za mwanzo za kila sekta hutaja njia na sekta ifuatayo, na katika sekta ya mwisho baiti ya kwanza huwa sifuri, ishara kwamba msafara umekoma. Kwa hiyo mchunguzi huweza kuipuuza orodha, akazipitia sekta zote 683, akaziandama nyayo hizo moja baada ya nyingine, na mara nyingi akaufufua mchezo mzima, au ukurasa wa ramani, au muziki wa hatua moja, ambao mwenyewe angeapa kwamba haupo. Ni sababu hiyo inayofanya iwe taksiri kubwa kunakili kutoka diski ya zamani yale mafaili tu yanayoonekana kwenye orodha: anayefanya hivyo hupokea mirathi na kuiacha nusu yake mlangoni.

Pia sharti ijulikane kwamba mchezo haukuandikwa sikuzote juu ya mashine uliyokusudiwa. Matthew Smith aliuandika Manic Miner wa Spectrum, uliotoka mwaka 1983, kwa kutumia kompyuta ya TRS-80. Na kadiri miaka ilivyokwenda, kampuni nyingi zilitumia mfumo wa PDS, ambapo mwandishi alikaa mbele ya kompyuta ya ofisi na kupeleka programu iliyokamilika kwa waya hadi katika Commodore au Spectrum iliyokaa kando. Matokeo yake ni kwamba msimbo asilia, wenye majina aliyoyapa mwandishi sehemu za programu na maelezo aliyojiandikia mwenyewe, aghalabu hulala katika diski za mashine nyingine kabisa, ilhali yale yaliyo kwenye kaseti ya majaribio ni lugha ya mashine tupu isiyo na jina wala maelezo. Mhifadhi anayetafuta diski za Commodore pekee atapishana na hazina hiyo. Na hata ikipatikana, msimbo ukifasiriwa upya huenda usilingane na programu iliyo kwenye kaseti, kwa kuwa viwili hivyo ni vya siku tofauti; hapo visilazimishwe kupatana, bali kila kimoja kihifadhiwe na tarehe yake, maana tofauti baina yao ndiyo historia ya kazi.

Jambo linalowashawishi wengi ni kutengeneza. Mchezo uliopatikana mara nyingi hauna maadui katika hatua ya tatu, au shujaa wake hupenya ukuta kama mzuka, au hukwama panapohitajika kupakia fungu lililopotea. Mtu mwenye ujuzi huweza kuurekebisha ukachezeka ndani ya VICE, programu inayoiga mashine za Commodore, na hakuna dhambi katika hilo. Dhambi ni kuitoa nuskha iliyorekebishwa kana kwamba ndiyo iliyopatikana. Desturi njema ni kuiacha nuskha ya asili bila ya kuguswa, ikiwa na alama yake ya hesabu, ile tarakimu ndefu inayobadilika hata biti moja ikibadilika, na kuiweka nuskha iliyotengenezwa kando, pamoja na orodha ya kila kilichobadilishwa na jina la aliyekibadilisha.

Yabaki maneno ya watu. Aliyekuwa kijana wa miaka 18 mwaka 1984 sasa ni mzee, na kumbukumbu yake imechanganyika na yale aliyoyasoma baadaye. Wanazuoni wa hadithi walitufundisha zamani kwamba kauli haipimwi kwa uzuri wake bali kwa isnadi yake: nani aliisikia kwa nani, na je, walipata kukutana? Mhifadhi wa michezo hana budi kuuliza vivyo hivyo. Aliyeandika programu si sawa na aliyeiona ikicheza ofisini, na aliyeiona si sawa na aliyeambiwa na mwenzake. Picha iliyochapwa jaridani nayo si ithibati ya mchezo, kwa sababu mchoraji aliweza kuichora skrini peke yake kabla ya mstari mmoja wa programu kuandikwa. Na ahadi ya kampuni ni dhaifu kuliko zote: Underwurlde, mchezo wa mwaka 1984 wa Ultimate Play the Game, ulimpa mchezaji milango mitatu ya kutokea, kila mmoja ukitaja mchezo ujao, Knight Lore, Pentagram na Mire Mare, miwili ya kwanza ilitoka, wa tatu haukutoka kamwe, na jina lake limezaa uvumi mwingi kuliko baiti.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kutenganisha ishara, usomaji na ushahidi ni amri, wala si unadhifu wa watunza maktaba tu. Vifaa vya leo vimemwezesha mtu yeyote mwenye kipaji kuandika mchezo mpya wa Spectrum kwa wiki chache na kudai kuwa aliuokota katika dari la nyumba ya mwandishi wa zamani; baiti peke yake haziwezi kumkadhibisha, kwa sababu baiti hazina umri. Kinachomkadhibisha ni ukosefu wa ule mwendo mbovu wa diski iliyozungushwa miaka 40 iliyopita, mabaki ya mafaili mengine yaliyofutwa chini yake, na mnyororo wa watu wanaoweza kusema diski ilitoka kwa nani na ilipita wapi. Basi anayekabidhiwa sanduku la kaseti na diski aanze kwa kurekodi ishara zote, hata za zile zilizoandikwa nje kuwa ni tupu; afuate kwa kuandika isnadi ya kila kipande angali hai anayeijua; na usomaji, ukarabati na kucheza aviache mwisho, maana hayo matatu yanaweza kurudiwa wakati wowote, na yale mawili ya kwanza yakipita hayarudiwi.