Kumbe Ilikuwa Ndoto

Mwalimu yeyote aliyepata kusahihisha insha za shule anaijua fika hila hii. Mwanafunzi humwingiza shujaa wake katika hatari asiyoweza kumtoa, kisha humgutusha kitandani na kuandika kuwa, kumbe, ilikuwa ndoto. Nimeikata kwa wino mwekundu miaka mingi, wala sikudhani kuwa ningeitenda mwenyewe.

Likizo iliyopita nilikuwa Rugu, wilayani Karagwe, nyumbani kwa kaka yangu. Mwanawe alikuwa akicheza katika simu mchezo wa matofali uitwao Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov huko Moscow. Nikamwomba nijaribu kidogo. Nikacheza hata nyumba nzima ikalala. Usiku niliota nimo darasa la saba, nimevaa kaptura, nami ni mtu mzima mwenye mvi. Karatasi ya mtihani haikuwapo. Maneno yalianguka kutoka darini mfano wa matofali, yote ya Kinyambo: ente, enju, omuti. Kazi yangu ilikuwa kuyapanga sakafuni kwa safu. Kila safu iliyotimia ilitoweka. Iliyokuwa na pengo ilibaki, na juu yake nyingine, hata yakanifika kifuani. Mwalimu alisimama mlangoni, kengele mkononi, wala hakuipiga.

Asubuhi niliiandika ndoto hiyo, na katika kuiandika nikakosa. Nilieleza jinsi nilivyogutuka nikacheka. Kisha nikaongeza aya nzima kueleza kwamba shuleni kwetu tuliadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani, na kwamba matofali yale ndiyo hayo. Niliposoma tena niliona maandishi baridi kama uji uliolala.

Kosa halikuwa katika ukweli wa maelezo. Wachunguzi wa ndoto wangeweza hata kuniunga mkono. Freud, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1899, alisema kwamba mtu aghalabu huota mtihani aliofaulu, si ule ulioanguka. Na mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake wa Harvard walieleza katika jarida la Science habari za watu waliochezeshwa Tetris. Baadhi yao walikuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Hawakukumbuka kwamba wamecheza, walakini walipoanza kusinzia waliona matofali yakianguka. Wazoefu nao, baadhi yao, waliona sura za mchezo walioucheza zamani. Mchezo wa jana, basi, waweza kufukua ya miaka thelathini.

Lakini hayo ni asili ya ndoto, si uzuri wake. Nguvu ya ndoto yangu, kama inayo, imo katika sheria ya mchezo wenyewe: lililopangwa sawasawa hutoweka, kosa hudumu likionekana. Maneno ya mama yangu niliyoyaweka mahali pake ndiyo niliyoyapoteza. Msomaji aliyeona safu zikitoweka amekwisha kulipata jambo hilo, nikimweleza, namnyang'anya.

Euphrase Kezilahabi alilijua hili. Aliyeandika Rosa Mistika (1971), riwaya ya shule na nyumba tunazozitambua, alikuja kuandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo mahali na wakati havishikiki. Wako waliozilaumu kwa ugumu, nami kwa sehemu nakubali. Kurasa kadhaa za Nagona zimelemewa na falsafa kuliko zinavyoweza kubeba. Walakini hamgutushi msomaji ili kumtuliza kwamba hayo hayakuwa kitu. Anamwacha humo, katika mzingile, atafute njia kwa miguu yake.

Atasema mtu kwamba hata ngano zetu zina mlango wa kutokea, maana msimulizi hutangaza kuwa hadithi yake imeishia hapo. Sawa. Ila msimulizi huifunga hadithi, haikanushi. Bibi hakupata kutuambia kwamba zimwi halikuwamo msituni, nasi tulikwenda kulala tukilisikiliza nje.

Kwa hiyo wanafunzi wangu sasa nawaambia waikate sentensi ya kugutuka, kisha wasome tena yaliyosalia waone kama yanasimama. Mara nyingi hayasimami, nasi twajua kuwa ndoto haikuwapo tangu mwanzo. Palikuwa na mwandishi aliyechoka. Yangu nimeikata aya mbili za mwisho. Mwalimu yungali mlangoni na kengele yake.